Mizizi ya Kiyunani na Kilatini Vinywani mwa Watu wa Mlabani

Husemwa ya kuwa Kilatini na Kiyunani cha kale ni lugha zilizokufa. Lakini mtu wa Mlabani, katika mji wa Ifakara, ampelekaye mtoto wake shule asubuhi, kisha akapita hospitali kumwona daktari, na kurudi nyumbani na dawa zilizofungwa katika karatasi, amekwisha kutamka maneno manne ya lugha hizo mbili kabla jua halijawa kali, wala hakujua. Katika makala haya twataka kueleza jinsi maneno ya namna hiyo yalivyofika katika bonde la Kilombero, na jinsi yawezavyo kumsaidia mwanafunzi anayejifunza Kiingereza.

Jambo hili si mchezo wa wataalamu. Katika Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma darasa za msingi kwa Kiswahili. Afikapo shule ya sekondari hukuta masomo karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza. Mara moja hutakiwa kuyajua maneno mamia kwa mamia ya elimu ya viumbe, ya jiografia na ya historia. Asiyeonyeshwa njia huyakariri moja moja, kama mtu aokotaye punje za mpunga zilizomwagika njiani. Wengi huyasahau mtihani ukiisha, na wengine huvunjika moyo kabla ya kuufikia. Tena huko Ifakara, ambako hospitali, chuo na maabara vimekaa jirani, vijana wengi hutamani kazi ya kuuguza na kutibu. Hao hukuta maneno magumu zaidi, ambayo kosa la silabi moja laweza kumdhuru mgonjwa.

Neno letu ni hili: mwanafunzi huyo haendi kwa Kiingereza mikono mitupu. Mizizi mingi anayo tayari katika Kiswahili chake, na ufundi wa kuitumia mizizi anao tangu alipojifunza kusema.

I. Njia nne za maneno

Maneno ya Kiyunani na Kilatini hayakuingia katika Kiswahili kwa mlango mmoja, wala kwa wakati mmoja. Twaweza kuhesabu njia nne.

Njia ya kwanza na ya kale ni ya Waarabu. Kabla ya Uislamu na baada yake, Waarabu walikaa jirani na watu wa Shamu na Misri waliotumia Kiyunani katika serikali, biashara na ibada. Na katika karne ya 9 wataalamu wa Baghdad, ambaye mashuhuri wao ni Hunayn ibn Ishaq, walivifasiri vitabu vingi vya Wayunani vya tiba na falsafa. Basi maneno yakahama pamoja na elimu na bidhaa, hata yakafika pwani yetu katika majahazi. Kalamu ni ‘kalamos’ ya Wayunani, yaani tete au unyasi, kwa kuwa ndio uliochongwa ukaandikiwa. Karatasi ni ‘khartes’, jani la mafunjo. Dirhamu ni ‘drakhme’, na dinari ni ‘denarius’ ya Warumi. Kandili ni ‘candela’ ya Kilatini, na kasri ni ‘castrum’, ngome ya askari wa Kirumi. Almasi ni ‘adamas’, kitu kisichoshindika. Falsafa ni ‘philosophia’, kupenda hekima. Injili ni ‘euangelion’, habari njema, nalo lilipita katika vinywa vya mataifa kadhaa kabla ya kutufikia. Askofu ni ‘episkopos’: ‘epi’ maana yake juu, na ‘skopos’ ni mwangalizi. Askofu, basi, ni mwangalizi aliyewekwa juu ya wengine.

Njia ya pili ni ya Wareno. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na mwaka 1698 ikaangukia mikononi mwa Waomani. Kireno ni mtoto wa Kilatini, kwa hiyo maneno waliyotuachia Wareno ni Kilatini kilichovaa nguo za mabaharia. Meza ni ‘mensa’, mvinyo ni ‘vinum’, leso ni ‘linteum’, kitambaa cha kitani; na padri ni ‘pater’, yaani baba. Karata za kuchezea ni ‘charta’ ya Kilatini, nayo ni ile ile ‘khartes’ ya Wayunani tuliyoitaja. Maana yake karata na karatasi ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alipita Uarabuni na mwingine alipita Lisbon, wakakutana pwani ya Afrika wasitambuane.

Njia ya tatu ni ya misioni na ya utawala wa Wadachi, ulioanza mwaka 1885 ukaisha katika vita vya kwanza vya dunia. Wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia walifika Pugu mwaka 1888, wakaendelea hata ndani ya nchi. Na tangu mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakashika kazi katika nchi ya Ulanga na Kilombero. Kwa njia hii tulipata neno shule kutoka Kidachi, nalo Kidachi kililitwaa katika Kilatini, na Kilatini katika Kiyunani. Zanzibar wakasema skuli, kwa kuwa wao walilipokea kwa Waingereza. Lakini shule na skuli ni neno moja. Tulipata tena parokia, seminari, katekista, misa na Dominika. Wandamba, Wambunga na Wapogoro waliosali misioni walisikia Kilatini chenyewe kila Dominika, kwa sababu Misa iliadhimishwa kwa lugha hiyo hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana kuanzia mwaka 1962 hata 1965, ulipofungua mlango kwa lugha za watu. Wako wazee bondeni wanaojua hata leo kuimba Kilatini kwa moyo, ijapokuwa hawakufundishwa sarufi yake.

Njia ya nne ni ya Waingereza, walioitawala Tanganyika baada ya vita hivyo hata mwaka 1961. Kwa hao tulipata hospitali, daktari, kliniki, stesheni, na mengi mengine ambayo hayana idadi. Njia hii haijafungwa bado. Kila mwaka hupita maneno mapya.

II. Kiingereza nacho ni mkopaji

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa maneno hayo ya njia ya nne ni mali ya Waingereza. Ni vizuri mwalimu awaondolee dhana hiyo mapema, kwani ndiyo inayowafanya wajione wageni kabisa. Waingereza wenyewe ni wakopaji, nao walikopa kwa miaka mingi kama sisi.

Warumi waliingia kisiwani Britania mwaka 43, wakakitawala kwa karibu miaka 400. Mababu wa Waingereza, waliokuja baadaye kutoka upande wa Udachi, walikuwa wamekwisha kujifunza kwa Warumi maneno kama ‘wine’ na ‘street’. Mwaka 597 Augustino alifika Kent akitokea Roma pamoja na watawa wenzake, na kwa dini hiyo yakaingia maneno mapya: ‘bishop’, ‘candle’, ‘altar’, ‘mass’ na mengineyo. Mwaka 1066 Wanormani wa Ufaransa waliishinda Uingereza, na Kifaransa, mtoto mwingine wa Kilatini, kikawa lugha ya barazani na mahakamani. Kisha, katika karne ya 16 na 17, wataalamu wao walitunga maneno mengi ya elimu kwa kuchota moja kwa moja katika vitabu vya Kiyunani na Kilatini. Ndiyo sababu, ukifungua kamusi kubwa ya Kiingereza leo, zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo yana asili katika lugha hizo mbili.

Msomaji na alinganishe sasa. Waingereza wasema ‘bishop’, sisi twasema askofu: ni neno moja, ‘episkopos’, lililopita kaskazini likawa hivi, likapita kusini likawa vile. Wao wasema ‘candle’, sisi kandili. Wao wasema ‘card’, ‘chart’ na ‘charter’, sisi karata na karatasi. Kisha hivi karibuni tumekopa kwao kadi na chati, yaani tumelipokea neno lile lile kwa mara ya tatu na ya nne. Twakopa wote katika ghala moja. Tofauti ni mlango tu.

III. Ufundi ambao mtoto anao tayari

Lakini kujua ya kuwa askofu na ‘bishop’ ni ndugu hakumtoshi mwanafunzi. Faida kubwa iko katika kujua jinsi maneno yanavyojengwa. Na hapa Mswahili, na kila anenaye lugha ya Kibantu, ana bahati kuliko mataifa mengine.

Mtoto wa bondeni hakufundishwa na mtu ya kuwa mzizi -lim- huzaa lima, limia, limisha, mkulima, mlimaji na kilimo. Aliyashika yote kwa sikio. Akisikia leo neno asilolisikia bado, kwa mfano ‘kilimika’, ataelewa mara moja ya kuwa shamba hilo lawezekana kulimwa. Anajua, bila kujua ya kuwa anajua, kwamba neno lina kiini kisichobadilika, na kwamba viungo vya mbele na vya nyuma ndivyo vinavyobadili kazi yake. Maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini yamejengwa vivyo hivyo. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mtoto kwamba ufundi ni ule ule.

Tutwae mzizi mmoja ulio karibu nasi: neno misioni lenyewe. Latoka katika Kilatini ‘mittere’, kutuma, ambayo hugeuka kuwa ‘miss-’ katika maneno mengine. Misioni, basi, ni utume. Katika Kiswahili mzizi -tum- umetupatia tuma, tumwa, mtume, utume na mtumishi. Tazama sasa ukoo wa ‘mitt-’ katika Kiingereza. Kiambishi ‘trans-’ ni kuvusha: ‘transmit’ ni kutuma upande wa pili, na hili ndilo neno litumiwalo kwa mbu avushaye ugonjwa kutoka kwa mtu mmoja hata mwingine. ‘Ad-’ ni kuelekea: ‘admit’ ni kumpokea mtu aingie, na hospitalini maana yake ni kumlaza mgonjwa wodini. ‘Re-’ ni kurudisha: ‘remit’ ni kurudisha au kupeleka fedha, na ugonjwa uliorudi nyuma huitwa ‘remission’. ‘Per-’ ni kupitia: ‘permit’ ni kumwacha mtu apite, yaani ruhusa. ‘Dis-’ ni kutawanya: ‘dismiss’ ni kuwaaga watu waende zao. ‘E-’ ni kutoa nje: ‘emit’ ni kutoa moshi, nuru au sauti. Neno misa nalo ni la ukoo huu, kwa sababu mwisho wa ibada ya Kilatini watu waliagwa waende.

Mwanafunzi aliyeshika mzizi huu mmoja na viambishi hivi sita amepata maneno zaidi ya kumi kwa bei ya machache. Tena viambishi hivyo havikuishia hapo. Akikutana na ‘portare’, kubeba, ataona ‘transport’, kuvusha mzigo. ‘Export’, kutoa mali nje ya nchi. Na ‘report’, kurudisha habari. Akikutana na ‘scribere’, kuandika, ataona ‘transcribe’, kunakili, na ‘prescribe’, kuandika mbele, yaani daktari huandika kwanza ndipo mgonjwa apewe dawa.

Mwisho wa neno nao una kazi yake. Sisi husema beba kisha bebeka, soma kisha someka. Kiingereza hutia ‘-able’ au ‘-ible’: ‘portable’ ni kinachobebeka, ‘legible’ ni kinachosomeka, ‘visible’ ni kinachoonekana. Mtoto akiambiwa ya kuwa ‘-able’ ni shangazi yake ‘-ika’, hasahau tena.

IV. Maneno ya hospitali, ya bonde na ya mto

Maneno ya Ifakara yafaa sana kwa mafundisho haya, kwa sababu mji huo umejulikana katika elimu ya magonjwa. Mwaka 1949 mwanachuoni wa viumbe Rudolf Geigy, wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, alifika Ifakara. Mwaka 1957 ikafunguliwa maabara, ambamo walichunguza papasi, mbung’o na magonjwa wayaletayo. Mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundisha watumishi wa tiba. Maabara ile ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo.

Tuanze na neno hospitali. Katika Kilatini ‘hospes’ ni mgeni, na pia ni mwenyeji ampokeaye mgeni. Hospitali ni nyumba ya wageni. Hosteli wanamokaa wanafunzi, na hoteli wanamolala wasafiri, ni watoto wa neno hilo hilo. Wazee wetu walisema, ‘Mgeni njoo, mwenyeji apone’. Wala hatudhani ya kuwa walijua Kilatini, lakini methali yao yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila nyumba ya namna hiyo. Daktari latoka katika ‘docere’, kufundisha: kwa asili ni mwalimu, ndiyo maana Kiingereza kina ‘doctrine’, mafundisho, na ‘docile’, mwenye kufundishika. Kliniki latoka katika ‘kline’, kitanda, kwani lilikuwa neno la mganga aliyemtazama mgonjwa kitandani; lakini leo mama huenda kliniki kumpima mtoto uzito, naye hukaa bao saa nzima asikione kitanda.

Malaria ni maneno mawili ya Kitalia, ‘mala aria’, hewa mbaya, yenye asili ya Kilatini. Watu wa kale waliona ya kuwa homa yazidi karibu na vinamasi, wakaishtaki hewa ya huko. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Uhindini, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu, na hewa ikaachiliwa. Lakini jina halikubadilika. Mbu huyo jina lake la kitaalamu ni ‘anopheles’, nalo alilipata tangu mwaka 1818, kabla mtu hajaujua uovu wake. ‘An-’ ni bila, na ‘ophelos’ ni faida: mdudu asiye na faida. Kiambishi hicho hicho kimo katika ‘anaemia’: ‘an-’ bila, ‘haima’ damu. Mwuguzi mwanafunzi akumbuke jozi hii, kwa sababu katika wodi za bondeni zimefuatana mara nyingi: mdudu bila faida amemwacha mtoto bila damu.

Mbung’o, ambao wengine huwaita ndorobo, huitwa ‘glossina’, kutoka ‘glossa’, ulimi, kwa ajili ya mdomo wao wa kufyonzea. Ulimi ni chombo cha kusemea pia, basi orodha ya maneno magumu iliyo mwisho wa kitabu cha Kiingereza huitwa ‘glossary’. Mdudu wa porini na ukurasa wa mwisho wa kitabu ni ukoo mmoja.

Kiboko wa mto Kilombero huitwa ‘hippopotamus’: ‘hippos’ ni farasi, ‘potamos’ ni mto. Wayunani walimwita farasi wa mtoni, na sisi hatuna la kusema ila kwamba hawakumtazama vizuri. Lakini akilijua ‘potamos’, mwanafunzi ataelewa ‘Mesopotamia’ katika ramani, nchi iliyo katikati ya mito. Naye aliyezaliwa kati ya Lumemo na Kilombero hahitaji maelezo marefu.

Maneno ya ibada nayo yana matunda. Seminari ni ‘seminarium’, kitalu cha miche, kutoka ‘semen’, mbegu; na semina anayoitiwa mkulima afundishwe kupanda mpunga ni mdogo wake seminari. Parokia ni ‘paroikia’, kukaa jirani. Dayosisi, kama wasemavyo Walutheri na Waanglikana, ni ‘dioikesis’, kutunza nyumba. Katika yote mawili mzizi ni ‘oikos’, nyumba, na ndio ulio katika ‘economy’, kanuni za nyumba, na katika ikolojia, elimu ya makao ya viumbe. Na ule mzizi wa askofu, ‘skop-’, kuangalia, ndio ulio katika ‘telescope’, ya kuangalia mbali, na ‘microscope’, ya kuangalia vidogo. Hapa Kiswahili kilikwisha kufanya kazi hiyo kwa mali ya Waajemi: darubini ni ‘dur’, mbali, na ‘bin’, kuona.

V. Mambo ya kuepuka

Njia hii ina mashimo, na mwalimu asiyeyajua atawaangusha wanafunzi wake pamoja naye.

Shimo la kwanza ni kufanana kwa sauti. Kanisa lafanana na ‘ekklesia’, lakini halitoki huko; latoka katika mzizi wa Kisemiti wenye maana ya kukusanya. Sita na saba zafanana na ‘sex’ na ‘septem’ za Kilatini, lakini zimetoka katika Kiarabu. Na mama ni neno la watoto wachanga ulimwenguni pote. Mtu asijenge nasaba juu yake.

Shimo la pili ni kuhama kwa maana. ‘Ekklesia’ ya kweli imo katika Kiswahili, lakini si pale mtu anapoitazamia. Kireno kiliifanya ‘igreja’, kanisa. Nasi tukaifanya gereza, neno lililokuwa la ngome kisha likawa la kifungo. Ngome ile ya Mombasa yenyewe ilitumiwa kuwa gereza tangu mwaka 1895 hata 1958. Vivyo hivyo shule ni ‘skhole’, iliyokuwa na maana ya mapumziko, nafasi ya mtu aliye huru na kazi. Mtoto aliyerudi amechoka na hesabu hatakubali. Mzizi hutuonyesha neno lilikotoka; mahali lilipo leo twapajua kwa matumizi tu.

Shimo la tatu ndilo la hatari: mizizi miwili yenye sura moja. ‘Ped-’ ya Kilatini ni mguu, kama katika ‘pedal’. ‘Paid-’ ya Kiyunani, ambayo mara nyingi huandikwa ‘ped-’, ni mtoto, kama katika ‘pediatrics’, tiba ya watoto. ‘In-’ mara nyingi ni kukanusha: ‘invisible’ ni kisichoonekana. Lakini mara nyingine ‘in-’ ni ndani, na ‘inflammable’ ni kinachoshika moto upesi. Kijana aliyejifunza nusu ya somo aweza kusoma neno hilo juu ya pipa la spiriti akadhani ya kuwa halitawaka. Kwa sababu ya hatari hiyo mapipa mengi sasa huandikwa ‘flammable’.

Na lililo kubwa zaidi kwa watu wa hospitali ni ‘hyper-’ na ‘hypo-’. La kwanza ni juu kupita kiasi, la pili ni chini ya kiasi. ‘Hyperglycaemia’ ni sukari nyingi katika damu, ‘hypoglycaemia’ ni sukari haba. Mgonjwa wa sukari haba hupewa sukari upesi. Akidhaniwa ni wa sukari nyingi akanyimwa, au akaongezewa dawa ya kuipunguza, aweza kufa. Katika sikio la mtu aliyechoka usiku maneno hayo mawili ni karibu moja. Asiyejua mizizi hana cha kumwonya. Aliyeijua atauliza tena.

VI. Shauri kwa walimu

Kwanza, mwalimu na aanze na neno la Kiswahili ambalo mtoto analo, si na orodha ya Kilatini. Akitoka karatasi hata ‘chart’, kutoka hospitali hata ‘hospitality’, kutoka misioni hata ‘transmit’, mtoto husafiri kutoka nyumbani kwake, naye haogopi kupotea.

Pili, mzizi mmoja kwa juma watosha. Mwanafunzi awe na daftari lenye safu tatu: mzizi na maana yake, maneno ya Kiswahili yenye mzizi huo, au mzizi wa Kibantu wenye maana hiyo, na maneno ya Kiingereza ya ukoo huo, kila moja katika sentensi. Neno lisilo na sentensi lisihesabiwe kuwa limejulikana.

Tatu, mwalimu asikisie asili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyotolewa kwa kazi ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, huonyesha maneno mengi yaliyotoka lugha gani. Na Sacleux, padri wa Roho Mtakatifu aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alilifanya hilo kwa uangalifu mkubwa katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa. Asiyepata kamusi na aliache neno hilo hata apate.

Nne, asisahau ya kuwa maneno madogo ya kila siku katika Kiingereza, kama ‘go’, ‘come’, ‘water’ na ‘hand’, si ya Kiyunani wala ya Kilatini. Hayo hujifunzwa kwa kunena na kusikia. Mizizi ni kwa maneno marefu ya vitabu, na hayo ndiyo yanayowashinda watoto wetu katika sekondari.

Mwisho, faida hii si ya Kiingereza peke yake. Mtoto aonyeshwaye ya kuwa kalamu aishikayo ilikuwa tete la Wayunani, na ya kuwa ‘pen’ ya Mwingereza ilikuwa ‘penna’, unyoya wa ndege kwa Kilatini, huanza kukitazama Kiswahili chake kwa heshima nyingine, kwa kuwa aona ya kuwa nacho kilisafiri, kikakusanya, kikachagua. Kisha hukiendea Kiingereza kama mtu aendaye kwa jirani kudai vitu vyao wote wawili, naye hasimami mlangoni akiomba.